Maksai wa Meja na Lango la Karantini

Siku ya kuniaga kazini nilipewa nafasi ya kusema maneno machache, na wakati huo mbuzi alikuwa ameshaiva. Mtu mwenye akili timamu hahutubii watu mbele ya mbuzi aliyeiva. Nikasema asanteni, Mungu awabariki, nikakaa. Sasa nyinyi vijana mmenifuata mpaka nyumbani Wabera mkilalamika kwamba Mzee Ekiru ameondoka na kila kitu kichwani, akawaachia koti la kazi linalonuka dawa ya kupe. Haya basi, chukueni hii, na koti mlifue.

Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Nilianza kwa kushika mkia wa ng'ombe, nikamaliza nikishika funguo za lango, na hapo katikati nilipewa kofia. Nilikuja kazini nikiwa mtu mzima, mwanzoni mwa miaka ya sabini, baada ya kujaribu kuuza chumvi na kugundua kwamba chumvi yenyewe haitaki kuuzwa na mimi. Wakanipeleka kwenye karantini ya mifugo nje ya mji wa Isiolo, wakanikabidhi kwa Mzee Galgalo, Mborana, aliyekuwa msimamizi wa wachungaji. Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Wewe ni Mturkana?"

"Ndio, mzee."

"Haya. Wewe umezoea kushika ng'ombe usiku ukikimbia. Leo utashika mchana ukisimama."

Wachungaji wakacheka wakashikana mabega. Nikamwambia, mzee, tulikuwa tunawafuata usiku kwa sababu mchana nyinyi mlikuwa mmewaficha wale waliokuwa wetu. Akaniita ninywe chai. Tangu siku hiyo akawa mwalimu wangu, na sijapata mwingine aliyenitukana vizuri namna ile.

Alinifundisha kwamba chuma cha chapa kikiwa chekundu bado hakijafaa, kitaunguza ngozi bure. Ngoja kifanane na majivu, ndipo ubandike, na usikisukumesukume. Alinifundisha kufunga kipimajoto kamba kabla ya kukitia mahali pake nyuma ya ng'ombe. Somo hilo alilitoa baada ya kipimajoto changu cha kwanza kuondoka na dume wa mfanyabiashara mmoja na kutoonekana tena. Alinifundisha pia kwamba sufuria ya kuchemshia sindano haipikiwi chai, hata kama mgeni ni wa heshima. Hili nalo mtu alikuwa ameshalijaribu kabla yangu, na sitasema ni nani kwa kuwa wajukuu wake wako hapa mjini.

Kazi ya karantini mnaijua, lakini niiseme kwa ajili ya wale wa ofisini. Ng'ombe wa kaskazini hateremki kwenda kuuzwa mbali mpaka akae kwetu siku zake, apimwe damu, tujue hana homa ya mapafu. Na mnyama mgeni akiingia kati yao, akanywa nao maji, basi siku zote walizokwisha kukaa zimepotea. Wote wanaanza tena, hata kama walikuwa waondoke kesho. Mkubwa wetu wa stesheni, Bwana Kirimi, Mmeru wa Kiirua, aliipenda sheria hii kuliko chakula. Aliiandika kwa mkono wake kwenye kibao cha langoni, kwa rangi nyekundu: MNYAMA MGENI AKIINGIA, HESABU YA WOTE INAANZA UPYA. Kila asubuhi alikisafisha kibao hicho kwa leso. Ubao wa hesabu yenyewe ya siku ulikuwa kwenye ukuta wa ofisi, na chaki alikuwa akitembea nayo mfukoni.

Siku moja tukaletewa daktari mpya wa mifugo. Aliteremka kwenye gari la serikali na sanduku moja na redio moja. Alikuwa anaitwa Daktari Kato, mtu wa nchi jirani. Nchi yenyewe sitaitaja. Mliokuwa wakubwa miaka ile mnaijua, na ambao hamkuwa wakubwa ulizeni baba zenu. Askari walikuwa wameamka asubuhi moja wakaipindua serikali, wakafunga bunge, wakakaa wao. Daktari alikuwa mkubwa wa shamba la serikali la kuzalisha ng'ombe wa maziwa. Wakaja pale kumtaka fahali mkubwa. Akawaambia, jamani, huyu ni wa mbegu. Wakamwambia hata mbegu ina nyama. Alipobisha zaidi wakaandika jina lake, na mtu aliyeandikwa jina siku zile alikuwa na usiku mmoja tu wa kuvuka mpaka.

Alivuka. Mkewe hakuvuka. Huyo mke alikuwa mwalimu, jina lake Roza, na yeye alikuwa akizunguka shule kwa shule akikusanya sahihi za walimu wanaotaka bunge lirudishwe na watu wapige kura. Walimshika na sahihi zake mkobani. Alikuwa gerezani, na Daktari hakujua zaidi ya hapo.

Kila jioni baada ya kazi tulikaa kwenye baraza ya stoo ya dawa, Daktari akafungua redio, akatutafsiria. Tukasikia kwamba wapakiaji wa bandari fulani huko ng'ambo wamekataa kupakia shehena ya wale askari. Tukasikia wanafunzi wa nchi zenye theluji wameandamana na mabango kwa ajili ya wafungwa ambao hawajawahi kuwaona. Madereva wa malori nao wamegoma mahali. Mzee Galgalo alisikiliza mambo haya siku nyingi akichokoa meno. Halafu siku moja akauliza.

"Daktari, huyu mkubwa wa askari, kiti alipewa na nani?"

"Alichukua mwenyewe, mzee."

"Na atatoka lini?"

"Hajasema."

Galgalo akaweka kikombe chini. "Sisi Waborana, tangu zamani, aba gada, kiongozi wetu, anakaa miaka minane, anapisha mwingine. Hata kama anapendwa. Hata kama chai yake haijaisha. Sasa huyu hana siku ya kutoka? Hiyo si serikali, Daktari. Hiyo ni wizi ya mifugo."

Kila mtu akageuka akanitazama mimi. Nikawaambia kwamba siku hiyo nilikuwa Isiolo na mashahidi ninao.

Tulikuwa tunacheka hivyo, lakini Daktari mwenyewe alikuwa hacheki. Alikuwa mtu mwema, mpole kwa ng'ombe na kwa watu, na alikula ndizi zilizoletwa kutoka Meru akizitazama kwa huzuni, kwa sababu kwao ndizi si kama hizi. Kucheka tu ndiko hakukujua tena.

Kisha wakaja maksai. Wakala mmoja wa kununua mifugo, mtu wa Nairobi mwenye tumbo lililomtangulia, alinunua kundi zuri toka Kinna na Garba Tula, maksai wanene wanaong'aa mgongo, wakaingia karantini. Wiki ya kwanza aliwatembelea na mgeni aliyevaa suti na miwani myeusi. Suti ilikuwa ya raia, lakini buti zilimsaliti. Alipotuona hatumsalimii kama alivyozoea, akatuambia mwenyewe kwamba yeye ni Meja, na kwamba hawa maksai ni wa kambi yao, wa sikukuu ya mapinduzi, wakati askari wote wanapokula nyama mpaka wanalala.

Daktari Kato akatoka kwenye krashi, kile kichochoro cha mbao cha kuchanjia, mikono imejaa damu ya vipimo. Meja akavua miwani.

"Kato! Kumbe uko huku unapima mavi ya ng'ombe?"

"Napima damu."

"Vizuri. Utapima hawa wangu, siku zao zikiisha utatia sahihi kwenye cheti, wavuke."

"Na nisipotia?"

Meja akacheka kidogo, akamshika bega kama ndugu. Nilikuwa karibu, nimeshika ndoo, nilisikia yote. "Usipotia, kibali chako cha kukaa hapa nitakimaliza kwa simu moja, na malori yangu yatakuwa na nafasi. Utapanda na ng'ombe. Halafu kumbuka, Roza bado ni mzima. Sisi tunapenda aendelee hivyo."

Jioni hiyo redio haikufunguliwa. Daktari ndiye pekee aliyekuwa na mamlaka ya kutia sahihi kutoka kwetu mpaka Marsabit. Akitia, amewaandalia karamu watu waliomfunga mkewe. Asipotia, anarudishwa kwao, na mkewe analipishwa. Sisi wapakiaji na wachungaji tukamwendea tukamwambia, Daktari, hata wale wa bandari walikataa, sisi pia tutakataa, hakuna maksai atakayepanda lori. Akatutazama, macho yake yamejaa maji.

"Asanteni sana, ndugu zangu. Lakini mkikataa watasema ni mimi niliyewachochea. Atakayeumia ni Roza. Nawaomba msifanye kitu."

Tukaenda nyumbani tukiwa wadogo. Mimi nilichukia mpaka nikakosa hamu ya ugali, na mke wangu akadhani nimekula kwingine, ikawa kesi nyingine.

Sasa hapa mpunguze mwendo. Wakati ule mimi sikuijua vizuri desturi moja ya Waborana, inaitwa hirpa. Mtu akimalizwa na ukame, au akiibiwa mifugo yote, hawamletei pole ya mdomo. Ukoo unakaa, na kila jamaa anatoa mnyama mmoja, mpaka mtu yule asimame tena. Siyo mkopo wala sadaka. Kwao ni kama kumvika mtu aliyevuliwa nguo barabarani. Ijumaa ile, baada ya swala, Mzee Galgalo alisimama nje ya msikiti akasema kuna mtu ameibiwa nchi nzima pamoja na ng'ombe zake. Mmoja akapinga kwamba daktari yule si wa ukoo, tena ni Mkristo.

"Yeye ana ng'ombe?" Galgalo akauliza.

"Hapana."

"Ameibiwa?"

"Ameibiwa."

"Basi ni wa ukoo. Endelea."

Siku za wale maksai zilikuwa zimekaribia kwisha kabisa, Bwana Kirimi amebakiza vijistari vichache tu vya chaki, Daktari amekonda kama kamba ya mbuzi. Asubuhi moja akatokea binamu wa Galgalo, ametembea kwa miguu toka Kinna, anaswaga mtamba mmoja wa rangi ya udongo mwenye tumbo jeupe. Salaam aleikum, aleikum salaam, nagaa, nagaa. Ametumwa na jamaa. Mtamba ni wa Daktari.

Sasa, ng'ombe wa hirpa haachwi nje ya boma akilia. Ni aibu. Anafunguliwa moja kwa moja aingie kwenye boma la mwenye kupewa. Na boma la Daktari liko wapi? Daktari alikuwa akilala kwenye nyumba ya kazi, ndani ya ua wa stesheni. Boma lililokuwa pale ni moja tu. Wakati ule funguo alikuwa nazo Galgalo. Akafungua, akampiga mtamba kofi la mgongo, akasema bismillahi.

Bwana Kirimi alipotoka ofisini na leso yake ya kupangusia kibao, mtamba alikuwa kwenye birika la maji, katikati ya maksai wawili, anakunywa kama mwenye nyumba.

"Nani amefungua?"

"Mimi," akasema Galgalo. "Ni ng'ombe ya Daktari. Amepewa na watu."

"Galgalo! Unajua umefanya nini?"

"Nimevika mtu nguo."

Kirimi akakisoma kibao chake kana kwamba kimeandikwa na mtu mwingine. Akatazama maksai, akatazama mtamba, akavua kofia akajikuna. Niseme ukweli, sheria ingeweza kumruhusu apige kelele siku nzima, lakini haikumruhusu kufanya jambo lingine lolote. Akasema, "Hesabu inaanza upya," akaenda kufuta ubao.

Daktari akaja mbio kusikia vurugu. Tulipomwambia kwamba amepewa ng'ombe, akashtuka. "Mzee Galgalo, mimi siwezi kupokea. Sina shamba, sina mtu wa kuchunga, sijafanya kitu chochote cha kustahili..."

"Hukuulizwa," akasema Galgalo.

Daktari akasogea langoni. Akamtazama mtamba. Akatazama kibao. Akageuka kumtazama Kirimi kwa dirisha la ofisi, ameshika kitambaa, vumbi la chaki linamwagika. Ndipo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya lango, akacheka machozi yakamtoka, na sisi tukacheka naye bila kujua kama ni kicheko au kilio. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yake yote mpaka siku ile.

Msiniulize kama Galgalo alikusudia. Nimemwuliza miaka na miaka, na kila mara alinijibu kwamba yeye hajui kusoma kibao. Alikuwa amefanya kazi chini ya kibao hicho tangu rangi ilipokuwa mbichi.

Hakuna aliyeitisha mkutano. Lakini Isiolo ni mji ambao ukipiga chafya Wabera unaambiwa pole Ngare Mara. Hesabu ilipokaribia kwisha mara ya pili, vumbi likaonekana barabarani, ng'ombe mwingine wa hirpa, huyu wa upande wa Gotu. Upya. Mama yangu mzazi akasikia kwamba Waborana wanatoa, akachukia sana. "Ekiru," akaniambia, "Waborana watoe, halafu sisi Waturkana tukae tunatazama kama nguzo za simu?" Wakachangishana, wakaleta ngamia. Wakala akaruka juu. Akasema karantini ni ya ng'ombe, ngamia hahesabiwi. Bwana Kirimi akafikiri, akaenda langoni akakisoma kibao tena, akarudi akasema kibao kinasema mnyama. Upya. Msomali mmoja mwenye duka akaleta dume mwenye jicho moja, akaapa kwamba hilo jicho moja linaona kuliko mawili. Upya. Mama Halima, muuza chai wa Wabera, akaleta jogoo mwekundu, amemfunga miguu kwa kitambaa. Hapo Kirimi alisimama muda mrefu, amemshika jogoo, wote tunamngoja.

"Huyu ni ndege," akasema mwishowe. "Mpelekeni jikoni."

Wakala akafurahi sana kwa jogoo yule. Ndiye mnyama pekee aliyemshindia kesi.

Sikukuu ya askari ikakaribia, na Meja akarudi. Safari hii hakuvaa suti wala hakumsalimu mtu. Alikuta boma lake lina ng'ombe wa kila rangi, ngamia kichwa juu, dume la jicho moja linamtazama kwa upande.

"Toeni takataka hizi, ng'ombe zangu ziondoke leo!"

"Hata wakitolewa, bwana, wameshakunywa maji pamoja," akasema Kirimi.

"Unajua mimi ni nani? Mimi ni Meja!"

"Nimesikia. Lakini homa ya mapafu haipigi saluti."

Vijana, nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na siku ile ndiyo niliyompenda Kirimi kabisa. Alikuwa mtu mfupi, kofia imemzidi kichwa. Lakini hakusogea. Meja akamgeukia Daktari, aliyekuwa amesimama nyuma yetu ameshika kipimajoto.

"Hii ni kazi yako, Kato."

"Mimi sijamfungulia mnyama hata mmoja," akasema Daktari. "Waulize."

Ilikuwa kweli. Lakini Meja hakuwa mtu wa kuuliza. Alimsukuma Kirimi kando, akampokonya Galgalo funguo, akafungua lango mwenyewe kwa nguvu, likapiga ukuta, akaingia kuwatoa maksai wake kwa mkono wake. Huyo! Anapiga makofi, anapiga mluzi, fimbo inazunguka, na maksai ambao hawakuzoea kuamrishwa kwa lugha ile wakamkimbia kuelekea kona ya mbali. Akawafuata. Buti zake zikajaa mavi mpaka juu ya vifundo.

Lango nyuma yake likabaki wazi kabisa. Na kwa kuwa ilikuwa saa ya kuteka maji, punda wa Mama Halima alikuwa akipita barabarani na madebe matupu mgongoni. Akasikia harufu ya birika. Punda hana siasa. Aliingia taratibu, kwa, kwa, kwa, madebe yakigongana, akapita katikati yetu sote, akapita ngamia, akatia mdomo majini. Hakuna aliyenyoosha mkono kumzuia. Mimi mwenyewe nilijikuta nimempisha.

Meja akageuka kule konani, jasho linamtoka, akamwona.

"Hiyo ni nini?"

"Ni mnyama mgeni," akasema Kirimi, akinyoosha kofia yake. "Ameingizwa na wewe mwenyewe, bwana, mbele ya mashahidi. Hesabu inaanza upya."

Wakala akakaa chini juu ya jiwe akashika kichwa. Mzee Galgalo akaokota funguo zake mavumbini, akazipangusa kwenye shuka, akamwambia Meja kwa upole kabisa: "Sasa umeona. Mtu akiingia kwa lango ambayo hakufunguliwa, hata punda anaingia."

Meja aliondoka bila kupitia dawa ya viatu, ile tunayokanyaga langoni tusitoke na ugonjwa, jambo ambalo lilimwuma Kirimi kuliko kusukumwa. Lakini hakupiga simu yake ile. Angesema nini? Kwamba karamu ya jeshi zima imezuiwa na punda aliyemwingiza yeye? Sikukuu ikapita, wakala akawauza maksai kwa shule za bweni za upande wa Meru, wanafunzi wakala vizuri, na Daktari Kato akatia sahihi hiyo ya shule bila hata kukaa chini. Ya askari hakutia kamwe.

Msidhani serikali ile ilianguka kwa sababu yetu. Iliendelea miaka mingine. Daktari aliendelea kukaa na redio yake, akaendelea kufundisha, na hirpa yake ikazaa, Galgalo akimchungia upande wa Gotu pamoja na ng'ombe wake. Barua kutoka gerezani hazikuja. Wakati mwingine alikuwa akiniambia, Ekiru, labda tulicheza tu. Nilimwonea uchungu sana.

Hatimaye wale askari waliondolewa, na redio ikasema watu watapanga foleni kupiga kura. Daktari akafunga sanduku lile lile. Ng'ombe akamwachia Galgalo wote. Galgalo hakutaka kuaga kwa maneno marefu, akamwambia tu, "Nenda ukachague. Na huyo utakayemchagua, mwambie siku ya kutoka."

Kisha ukaja ule ukame wa miaka ya themanini. Wengi wenu mnaukumbuka. Ng'ombe walikufa barabarani kutoka Garba Tula mpaka mjini, na harufu ikakaa nguoni. Galgalo alikuwa ameshastaafu, na mimi ndiye niliyeshika funguo. Ng'ombe wake waliisha, na wa Daktari waliisha. Alikuwa mzee wa kuja karantini kila asubuhi kunitukana, na sasa akaacha kuja. Nikienda kwake namkuta ameketi na fimbo ya kuchungia mapajani, hana cha kuchunga. Hakutaka pole. Nilimchokoza kwamba Waturkana safari hii hatukuhusika, akatabasamu kwa adabu tu, na hiyo adabu ndiyo iliyonitisha.

Mvua zilipokuwa zimerudi na majani yameanza kuchungulia, karantini bado tupu, lori likasimama langoni. Limejaa mitamba. Akashuka mwanamke mwembamba, nywele nyeupe mbele, ameshika bahasha.

"Habari yenu. Namtafuta Mzee Galgalo. Na ningependa kukiona kibao."

"Kibao hiki hapa, mama. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Roza."

Bwana Kirimi, aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu, akavua kofia. Mimi nikamtuma mtu mbio kwa Galgalo. Roza akakisoma kibao polepole, akagusa herufi kwa kidole, akatusimulia. Gereza lao lilikuwa karibu na kambi. Kila sikukuu ya mapinduzi, wafungwa walikula maharagwe yao wakinusa nyama ya askari toka asubuhi mpaka usiku. Mwaka mmoja hakukuwa na harufu. Walinzi wakaleta maharagwe, halafu na wao wakakaa nje ya mlango wakala maharagwe hayo hayo. Mmoja akalalamika kwa sauti: ng'ombe zetu zimekwama Kenya, kila siku zinahesabiwa tu.

"Tulicheka," akasema Roza. "Wanawake wote wa chumba kile. Walitupiga, na tukaendelea kucheka. Hatukujua ni kina nani. Tulijua tu kwamba kuna mahali watu wamefunga lango kwa ajili yetu."

Kirimi akatoa leso akapangusa kibao, ingawa kilikuwa safi. Mimi nikajifanya mtu wa kazi, nikaomba cheti cha mifugo. Akanipa ile bahasha. Nikakisoma cheti mpaka chini, na hapo chini palikuwa na ile sahihi ambayo Meja aliitaka na asiipate. Daktari mwenyewe alikuwa nyuma, Roza akasema, na lori la pili lililopata pancha Nanyuki; atafika kesho. Nikamwona Kirimi anatia mkono mfukoni, anatafuta chaki.

Galgalo akafika, anatembea na fimbo yake. Akatuangalia, akaangalia lori. Roza akamwamkia kwa magoti, kama wanavyofanya wanawake wa kwao, akamwambia mitamba hawa wamechangwa na watu wa nyumbani, walimu, majirani, na wale aliofungwa nao, na ni wa kwake. Mzee akakauka.

"Hapana, mama. Mimi siwezi kupokea. Mimi sasa ni mzee, sina nguvu ya kuchunga, sijafanya kitu..."

"Mume wangu aliniambia utasema hivyo," akasema Roza. "Akanipa jibu nikuletee. Hukuulizwa."

Galgalo akasimama. Machozi yakashuka mpaka kwenye ndevu, hakuyapangusa. Ndani ya lori mtamba mmoja akalia. Mzee akashtuka kama mtu aliyeamshwa, akanigeukia mimi, na sauti yake ikawa ile ile ya siku ya kwanza.

"Wewe Mturkana! Ng'ombe ya hirpa inalia nje, na wewe umeshika funguo kama pambo?"

Nikafungua.